Kujua Kusoma Si Kujua Kufundisha

Sisi tunaoandika magazetini tunajua hatima ya takwimu. Leo iko ukurasa wa kwanza, kesho inafungia vitumbua. Lakini iko takwimu moja iliyokataa kufungia vitumbua, na leo nataka tuizungumzie.

Mwaka 1961, katika mji wa Syracuse, jimbo la New York, Marekani, gazeti liliandika kwamba kwa mujibu wa sensa ya 1960, watu zaidi ya 11,000 wa eneo hilo hawakujua kusoma vya kutosha. Hapo ni Marekani, tena mji wenye chuo kikuu! Mama mmoja wa nyumbani, Ruth Colvin, aliisoma habari hiyo na hakuweza kulala nayo. Akaanza kuuliza: nani anawasaidia watu hawa?

Akina mama wa makanisa walikuwa tayari kujitolea. Moyo walikuwa nao. Tatizo ni kwamba walikuwa hawajui namna ya kumfundisha mtu mzima. Hebu jiulize na wewe, ndugu msomaji, mwenye shahada yako: ukipewa mzee wa miaka 50 asiyejua "a", utaanzia wapi? Wengi wetu hatukumbuki hata sisi tulifundishwaje.

Colvin akaenda kwa wataalamu wa usomaji wa Chuo Kikuu cha Syracuse. Kwa msaada wao alitengeneza mafunzo ya walimu wa kujitolea, na mwaka 1962 akaanzisha shirika lake akiwa kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Mwaka 1967 likasajiliwa rasmi kama shirika lisilo la faida, na baadaye likaitwa Literacy Volunteers of America.

Kinachochekesha ni kwamba mji huohuo ulikuwa tayari na shirika jingine la kisomo. Laubach Literacy lilianzishwa mwaka 1955 na Frank Laubach, mmisionari aliyezaliwa mwaka 1884. Yeye alianzia mbali, kwa Wamaranao wa kisiwa cha Mindanao, Ufilipino, kuelekea mwaka 1930. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipokausha michango kutoka Marekani, pesa za kuwalipa walimu zikaisha. Mwenyewe alisimulia kwamba chifu mmoja alisimama akaamuru: kila aliyejifunza lazima amfundishe mwenzake, asipofanya hivyo atakiona cha mtema kuni. Ndipo ikazaliwa kaulimbiu ya kila mmoja amfundishe mmoja, ambayo Laubach aliizungusha katika nchi zaidi ya 100 kabla ya kufariki mwaka 1970.

Kwa hiyo Syracuse ikawa na mashirika mawili, yote ya kujitolea, yote yakiwa na matawi nchi nzima. Yalitofautiana wapi? Kwenye swali moja tu: ujuzi wa kufundisha ukae wapi?

Laubach aliuweka ndani ya kitabu. Herufi ilichorwa juu ya picha ya kitu kinachoanza na sauti yake, na masomo yalipangwa kwa ngazi. Kitabu cha mwalimu kilimwelekeza hatua kwa hatua, hata maneno ya kusema. Faida yake ni kwamba mtu yeyote mwenye nia anaweza kuanza haraka. Hasara yake ni kwamba mwanakisomo anayetaka kusoma barua ya mwenye nyumba leo, anaambiwa asubiri, bado hajafika huko.

Colvin aliuweka ndani ya mwalimu. Katika mbinu mojawapo, mwanakisomo anasimulia jambo lake, mwalimu analiandika kama lilivyo, na maandishi hayo yanakuwa somo la siku hiyo. Mtu anajifunza kwa maneno yake mwenyewe. Lakini hapo mwalimu lazima aandaliwe kwelikweli, maana hakuna kitabu cha kujificha nyuma yake. Ndiyo maana semina ya walimu ikawa uti wa mgongo wa shirika hilo.

Mwaka 2002, baada ya miaka 40 ya ujirani, yaliungana na kuwa ProLiteracy, yakiwa na matawi zaidi ya 1,000 kwa pamoja. Kuunganisha mashirika ya kujitolea si sawa na kuunganisha benki. Mfanyakazi wa benki anaandikiwa waraka na anautii, kwa sababu ana mshahara. Mtu wa kujitolea akichukizwa, anakaa nyumbani. Kumbuka kuna waliofundisha miaka 20 kwa njia moja. Chombo hicho kipya hakikuweza kuishi kwa kutupa urithi wa upande mmoja. Vitabu vilivyopangwa viliendelea kuchapwa, na semina za walimu nazo ziliendelea. Siku hizi sehemu ya mafunzo hayo hupatikana kwenye mtandao. Colvin aliyaona yote hayo, kwani alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 107.

Kwa nini nawasumbua na habari za Syracuse? Kwa sababu na sisi Tanzania tulipita njia hiyo, kwa mkono wa serikali. Baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, madarasa ya ngumbaru yalijaa hadi chini ya miembe. Walimu wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakipewa mafunzo mafupi na posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Kwa takwimu rasmi, wasiojua kusoma walishuka kutoka asilimia 67 miaka ya mwisho ya 60 hadi chini ya 10 mwaka 1986. Kisha uchumi ukayumba, madarasa yakafifia. Sensa ya 2002 ilikuta karibu asilimia 30 ya watu wazima hawajui kusoma.

Tunapenda kusema kampeni ile ilikufa kwa sababu watu walipoteza moyo wa kujitolea. Mimi nabisha. Moyo haukaushwi na uvivu tu. Unakauka pia mtu akiachwa peke yake na ubao, bila semina mpya, bila kitabu kipya, bila mtu wa kumuuliza. Kujitolea ni bure kwa anayepokea. Kwa shirika au serikali inayokutegemea, kuna gharama yake, na gharama hiyo inaitwa mafunzo.

Akina mama wa Syracuse walikuwa na moyo kabla Colvin hajabisha hodi chuo kikuu. Lakini kazi ilianza alipobisha.