Khabari za Maji ya Meru na Sababu ya Meno Yetu

Mtu atokaye Arusha kwenda Moshi, akiisha kupita Tengeru na Usa, huvuka mto uitwao Maji ya Chai. Jina hilo lilitolewa kwa ajili ya rangi ya maji yake, ifananayo na chai isiyotiwa maziwa. Walakini kilichowadhuru watu wa mto ule si rangi. Ni kitu kisichoonekana kwa macho, nacho chaitwa floridi. Kwa ajili yake watoto wengi wa huko wameota meno ya hudhurungi, na wengine miguu yao imepinda.

Sisi wa Kwa Mrombo tu mbali na mto ule. Twakaa kusini mwa jiji la Arusha, katika nchi kavu iliyo chini ya mlima, na wageni hutujua kwa nyama ya kuchoma kuliko kwa maji. Lakini mlima ni mmoja, na khabari ya Maji ya Chai ni khabari yetu pia. Hivyo nimeona vema iandikwe pamoja na khabari nyingine za jubilei, waalimu wapate kuwasomea watu.

Meru ni mlima wa moto, na mara ya mwisho kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910. Zamani sana, kabla ya khabari zo zote zikumbukwazo, ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na katika mabonde ya kifusi kile yakatokea maziwa ya Momella. Mawe ya mlima huu na majivu yake yana floridi ndani yake, tena yana magadi mengi, bali chokaa ni haba. Nataja chokaa kwa kuwa hapo ndipo penye siri yote. Floridi hupenda kushikamana na chokaa. Zikikutana ndani ya ardhi hufanyika jiwe, na maji hupita yakiwa na floridi kidogo. Huku kwetu haikuti chokaa ya kutosha katika mwamba. Hubaki katika maji, huingia kinywani mwa mtoto, na huko ndiko ikutako chokaa iliyoikosa mlimani, yaani katika meno na mifupa.

Pwani mambo ni kinyume. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe, na Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliyaleta maji ya chemchemi mpaka mjini. Taabu ya nchi kama ile hutoka katika mawe yenyewe: yana matundu na nyufa, na uchafu wa vyoo hupenya upesi mpaka kisimani pasipo kuchujwa na udongo. Tena karibu na ufuo, kisima kikivutwa mno, maji ya bahari huingia.

Yafaa tuyatenganishe mabaya hayo mawili, kwani watu wetu huyachanganya. Maji yenye vijidudu vya kinyesi hutengenezwa kwa kuchemshwa. Maji yenye floridi hayatengenezwi kwa moto. Mvuke hutoka, floridi hubaki, na maji yaliyosalia huwa makali kuliko ya kwanza. Wako akina mama wachemshao maji kwa bidii wakitumaini kuyaokoa meno ya watoto. Bidii hiyo ni njema kwa kuzuia kuhara, nao wasiiache, bali kwa meno haina faida. Na katika mitaa kama yetu, ambamo nyumba zimesongamana na choo cha shimo hakiko mbali na kisima, mabaya yote mawili yaweza kukutana katika ndoo moja.

Wazee walichagua vizuri kuliko sisi. Wameru, na Waarusha waliopanda kutoka Arusha Chini yapata miaka ya 1830, walikaa juu penye migomba, wakachimba mifereji kutoka mito ishukayo mlimani. Wadachi nao walipojenga Boma mwaka 1900 hawakulipeleka katika nchi kavu. Maji ya juu, yaliyokaa muda mfupi katika mwamba, mara nyingi huwa na floridi kidogo. Yaliyoteremka polepole chini ya ardhi yamekaa na mawe siku nyingi, nayo yamechota mengi. Mji ulipokua watu walishuka, hawakukuta mito ya kuwatosha, wakachimba visima virefu. Hata visima viwili vya mtaa mmoja vyaweza kutofautiana sana, wala ulimi hauwezi kusema kipi ni kibaya.

Wala sababu ya meno haya haikupatikana duniani mpaka mwaka 1931. Huko Marekani daktari wa meno jina lake Frederick McKay alifika mji wa Colorado Springs mwaka 1901, akaona wenyeji wana madoa kama yetu, akatafuta kwa miaka thelathini. Mwisho mkemia H. V. Churchill alipima maji ya mji wa Bauxite, ambao watoto wake walikuwa na madoa yale yale, akakuta floridi. Yapata karne moja imepita, na bado wako watu wadhanio kwamba mwenye meno ya hudhurungi hapigi mswaki. Kijana wa kwetu aendapo shule ya mbali huziba kinywa kwa mkono achekapo. Meno yale hayakuchafuka kwa uvivu. Yaliharibika ndani ya ufizi kabla hayajaota, katika miaka kama minane ya kwanza ya maisha, na hakuna mswaki uwezao kuyarudisha.

Shirika la Afya Duniani lashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi katika lita moja. Wataalamu waliopima maji ya miteremko na tambarare za Meru, wakatangaza khabari zao mwaka 1984, walipata 12 hadi 76 katika mito waliyoipima, 15 hadi 63 katika chemchemi, na 60 hadi 690 katika maziwa na madimbwi ya magadi. Katika miaka ya 1970 Serikali iliweka kipimo cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Baadaye ikawa 4, na leo ni 1.5. Wako waulaumu ukarimu wa kipimo kile cha kwanza. Mimi sioni jinsi ingaliweza kufanywa vingine mara moja, kwa maana kufunga kila kisima kilichozidi kungaliwarudisha watu kwenye madimbwi na kipindupindu. Lakini kipimo cha karatasi hakikuokoa jino la mtoto hata moja.

Kazi iliyofanywa Ngurdoto yastahili sifa kuliko inavyopata. Hapo Wizara ya Maji iliweka kituo cha kutafuta namna ya kuondoa floridi, na dawa yao ni mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuri pasipo hewa nyingi mpaka iwe meusi au kijivu, husagwa chenga chenga, na maji hupitishwa juu yake. Floridi huikimbilia chokaa ya mfupa wa ng'ombe, badala ya kuingoja ya mtoto. Ikichomwa kidogo, maji hunuka. Ikichomwa mno ikawa myeupe, nguvu yake hupungua. Tena baada ya miezi hushiba, ni lazima ibadilishwe. Watu wengine huuliza kwanza ni mifupa ya mnyama gani, na swali hilo ni la haki; lijibiwe wazi. Huko India walitumia njia nyingine, shabu pamoja na chokaa, iitwayo kwa jina la wilaya ya Nalgonda, nayo imejaribiwa huku katika ndoo za nyumbani.

Jambo moja husahauliwa: magadi. Mama hutia magadi katika maharage na makande ili yaive upesi na kuni zisiishe, na magadi ya nchi hii nayo yana floridi. Hivyo nyumba yenye maji mazuri yaweza kuipata chunguni.

Katika miaka ya karibuni, kwa mradi wa shilingi bilioni 520 uliokopeshwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, mamlaka ya maji ya Arusha imechimba visima hata wilaya ya Hai na kuyaleta maji mjini kwa mabomba marefu. Mahali bomba lisipofika, au likikauka, watu hununua ya kisima cha jirani. Mwenye kisima aulizwe kwa adabu kama maji yake yamepimwa floridi, na aonyeshe cheti. Maji ya mvua hayakugusa mawe, kwa hiyo hayana taabu hii. Nyumba yenye bati na tangi dogo iyaweke hayo kwa kunywa na kupikia watoto walio chini ya miaka minane, na ya kisima yatumike kufulia.