Brutus alishindwa lini?

Jamani, wengi tunadhani Brutus aliangushwa na hotuba moja tu. Jukwaani ndivyo inavyoonekana. Tulipoigiza Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere (toleo la 1969) kwenye semina, mimi nikiwa Brutus, darasa zima lilinishangilia. Akaja Antony, dakika tano tu, wakataka kunichoma! Ila kwenye kumchambua mhusika wangu nikarudi kwenye historia. Kaizari aliuawa Machi 15, 44 KK. Siku mbili baadaye Seneti ikawasamehe wauaji, hapohapo ikaidhinisha amri za marehemu. Sasa mmemuua dikteta halafu amri zake mnaziacha? Brutus akakubali, tena akaruhusu wosia usomwe na mazishi yawe ya hadharani. Plutarch anamlaumu hapo. Mie naona alishashindwa kabla Antony hajafungua mdomo.