Kusomea nyumbani si mambo ya majuu

Wasee, kusomea nyumbani hakukuletwa na ndege. Kabla wamishonari wa Africa Inland Mission hawajafika Nzaui mwaka 1895, wavulana huku Ukambani walifunzwa na wazee jioni pale thome, penye moto wa wanaume. Shule ikaleta kusoma na kuandika. 2003 karo ya msingi ikafutwa, hata mtoto wa Nunguni asiye na kitu akaingia darasani.

Nyumbani mtoto anaenda na kasi yake, sawa. Lakini 2020 korona ilipofunga shule, mzazi akiwa shambani masomo yalikwama. Halafu thome haikuwa ya mzazi mmoja, ilikuwa ya majirani wote. Ukimtoa mtoto shuleni, hao wengine utawatoa wapi?