Hedhi na kupanga uzazi kwa mwanamke anayefanya kazi ya ngono: mambo ya kujua

Kodi ya nyumba haingoji hedhi iishe. Kwa mwanamke ambaye riziki yake ya kila siku hutoka kwa wateja wa Mtwapa, Ukunda, Malindi, mangweni au kwenye vituo vya malori vya Mariakani na Maungu, siku nne au tano za damu ni siku nne au tano bila pesa. Ndiyo maana wengi huendelea na kazi wakiwa mwezini, na huificha damu kwa njia ambazo hawajawahi kumuuliza muuguzi kama ni salama.

Dini zetu zina neno lake kuhusu kazi hii, na masheikh na wachungaji hulisema. Makala haya hayabishani nao. Yanazungumzia mwili, kwa sababu mwili huumwa bila kuuliza mtu anaishi vipi, na mwanamke huyu ni binti, dada au mama wa mtu katika mitaa yetu. Jambo kubwa la kushika ni hili: hedhi na njia ya kupanga uzazi ni hesabu moja. Ukichagua njia bila kufikiria damu yako itakavyokuwa, utarudi kwenye pamba na sponji.

Ukumbusho wa mwanzo. Yote yaliyoandikwa hapa yanamhusu mtu mzima. Msichana aliye chini ya miaka 18 hafanyi kazi. Anatendewa uhalifu, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inasema hivyo. Simu ya watoto ni 116, na haitozwi.

Vitu vinavyoingizwa ndani kuzuia damu

Wapo wanaokata kipande cha sponji ya godoro. Wapo wanaotumia pamba, tishu au kitambaa cha leso kuukuu, wakikisukuma ndani ya uke ili mteja asione damu. Shida ni tatu. Kwanza, vitu hivi si safi. Sponji ya godoro haikutengenezwa kukaa mwilini, na pamba na tishu huacha nyuzi na vipande ndani. Pili, vinakwaruza ngozi laini ya uke, na mkwaruzo ni mlango wa virusi. Tatu, mteja akishasukuma, kitu hupanda juu kabisa na pengine husahaulika. Baada ya siku chache huja harufu mbaya, uchafu wa rangi ya kahawia au kijani, na maumivu ya tumbo la chini.

Kitu kikikwama, usitumie waya, kijiti wala kijiko. Nawa mikono kwa sabuni, chuchumaa, jikaze kama unayekwenda haja kubwa, kisha ukitafute kwa vidole viwili. Kisipotoka, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Muuguzi hukitoa kwa dakika chache na ameshawatolea wengi. Ukiwa na homa kali ya ghafla, kutapika, kizunguzungu na vipele kama ngozi iliyoungua na jua, usingoje kesho. Ni dalili za sumu ya bakteria kuingia mwilini, na inaweza kuua.

Sodo ya kuingiza, ile yenye uzi, ni safi kuliko sponji, lakini haifai kuachwa ndani wakati wa tendo, na haifai kuzidisha saa nane. Kikombe cha hedhi hukaa hadi saa kumi na mbili na hutumika kwa miaka kadhaa, ila kile cha kawaida chenye umbo la kengele lazima kitolewe kabla ya kuingiliana. Kipo cha umbo la sahani laini ambacho hukaa juu zaidi na kinaweza kubaki, ingawa si rahisi kukipata katika maduka yetu. Mwenye koili anayetumia kikombe aachanishe kwanza mfyonzo wake kwa kubana sehemu ya chini, la sivyo anaweza kuivuta koili pamoja nacho.

Ikumbukwe kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kinachozuia mimba wala maradhi. Vinazuia damu isionekane tu.

Kujiosha ndani na kujikaza

Baada ya mteja, na hasa siku za damu, wengi hujiosha ndani kwa vidole na sabuni, maji ya ndimu au dawa ya kuua viini. Wengine huweka shabu ili kukaza na kukausha. Nia ni usafi, lakini matokeo ni kinyume. Uke una bakteria wazuri wanaoulinda. Sabuni huwaua, na maradhi hupata nafasi.

Hili limechunguzwa hapa hapa Mombasa. Tangu 1993 watafiti wamekuwa wakifuatilia afya ya wanawake wanaofanya kazi ya ngono kupitia kliniki ya Ganjoni. Matokeo ya miaka kumi yaliyochapishwa 2006 yalionyesha kwamba waliojiosha ndani ya uke waliambukizwa virusi vya UKIMWI zaidi kuliko ambao hawakujiosha, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliotumia sabuni. Basi osha nje tu, kwa maji safi. Ndani hujisafisha kwenyewe.

Je, mimba huingia wakati wa hedhi?

Ndiyo, inaweza. Mbegu za mwanamume huishi hadi siku tano ndani ya mwili. Mwenye mzunguko mfupi anaweza kukutana na mwanamume siku za mwisho za damu, na yai likatoka mbegu zikiwa bado hai. Tena si kila damu ni hedhi. Kutegemea siku za damu kama kinga ni kujidanganya.

Maradhi nayo hayapungui siku hizo. Kama mmoja wenu ana virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini aina ya B, damu huongeza uwezekano wa kuambukizana. Ugonjwa huo wa ini una chanjo, iulizie kliniki.

Njia za kupanga uzazi na zinavyobadilisha damu

Sindano ya miezi mitatu. Mwanzoni huleta matone yasiyo na mpangilio. Baada ya mwaka mmoja wa kuchomwa, karibu nusu ya wanawake huwa hawaoni hedhi kabisa. Damu haikusanyiki popote tumboni, kama wengi wanavyoogopa; ukuta wa mfuko wa uzazi huwa mwembamba tu, hauna cha kumwaga. Ubaya wake ni kwamba ukiacha, uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, pengine miezi kumi au zaidi.

Kijiti cha mkononi. Hukaa miaka mitatu au mitano kulingana na aina, na ni miongoni mwa njia zenye nguvu zaidi. Damu yake haitabiriki: kuna anayepata matone ya mara kwa mara, kuna anayekosa kabisa. Matone yakikusumbua, usikimbilie kung'oa. Rudi kliniki, kuna dawa za kuyatuliza.

Koili ya shaba. Haina homoni na hukaa miaka kumi au zaidi, lakini huongeza damu na maumivu ya hedhi, hasa miezi ya kwanza. Kwa anayehofia damu kumkatizia kazi, alijue hili mapema. Koili ya homoni hufanya kinyume: damu hupungua sana. Kabla ya kuwekwa koili yoyote upimwe kama una maradhi ya zinaa; ukiwa nayo hutibiwa kwanza.

Tembe za kila siku. Hufanya damu iwe kidogo na ije kwa wakati. Zinataka nidhamu, na si rahisi kwa anayelala alfajiri. Ziunganishe na jambo usilolisahau, kama chai ya kuamkia.

Miaka mingi kulikuwa na hofu kwamba sindano huongeza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Utafiti mkubwa uliotangazwa 2019, uliowahusisha wanawake 7,829 wa Kenya, Afrika Kusini, Zambia na Eswatini, ulilinganisha sindano, kijiti na koili ya shaba, na haukuona tofauti kubwa ya hatari kati yao. Lakini ulionyesha pia kuwa wanawake wengi waliambukizwa, njia yoyote waliyokuwa nayo. Njia ya uzazi hulinda mimba, hailindi virusi.

Mwambie muuguzi dawa zote unazomeza. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, dawa ya ARV iitwayo efavirenzi na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya kijiti na ya tembe. Sindano ya miezi mitatu huendelea kufanya kazi.

Kusogeza au kuruka hedhi

Wanawake wa Pwani si wageni wa jambo hili. Wapo wanaokwenda Hajj au Umra na kuomba daktari tembe za kuchelewesha hedhi ili wakamilishe ibada. Dawa hizo, norethisteroni, huanzwa takriban siku tatu kabla ya siku ya kutarajia damu, na damu huja siku chache baada ya kuziacha. Angalizo: kwa kipimo hicho hazizuii mimba.

Njia nyingine ni kwa anayetumia tembe za uzazi za homoni mbili. Pakiti ina tembe 28: 21 zina homoni, 7 za rangi tofauti hazina. Damu huja siku za zile 7. Ukiziruka na kuanza pakiti mpya moja kwa moja, mwezi huo huenda usione damu, na kinga ya mimba inaendelea. Kufanya hivi hakudhuru mfuko wa uzazi. Lakini tembe hizi hazimfai kila mtu: mwenye presha, aliyewahi kuganda damu mishipani, anayeumwa na kichwa cha upande mmoja huku akiona vimulimuli, mvutaji sigara wa zaidi ya miaka 35, na anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita. Ndiyo maana upimwe presha kwanza, usinunue kwa kuambiwa na mwenzako.

Na kama damu imekuja, kupumzika ni njia pia. Baadhi ya wanawake huweka sehemu ya pesa za kila siku kwenye chama au kibubu kwa ajili ya siku hizo nne. Si kila mmoja anaweza, lakini anayeweza hujinunulia uhuru wa kusema hapana.

Mpira hauondoki

Hata ukiwa na kijiti au sindano, mpira ni wa lazima, kwa sababu ndiyo kinga pekee ya mimba na maradhi kwa pamoja. Usiutumie na mafuta ya nazi, ya kupaka wala losheni: mafuta huozesha mpira na unapasuka. Tumia kilainishi cha maji. Mipira miwili kwa pamoja husuguana na kupasuka, mmoja unatosha. Mpira wa kike unaweza kuuvaa kabla ya kukutana na mteja, ukafaa kwa mlevi asiyetaka kuvaa wake.

Dawa ya PrEP, iliyoanza kutolewa nchini 2017, humezwa kila siku na asiye na virusi ili asiambukizwe. Haikamilishi kinga siku ya kwanza, na haizuii mimba wala kisonono.

Mpira ukipasuka, au ukilazimishwa

Ndani ya saa 72 nenda hospitali uanze PEP, dawa ya siku 28 ya kuzuia virusi. Mapema ndiyo bora. Kama huna njia nyingine, meza P2 upesi iwezekanavyo. Inafaa zaidi ndani ya siku tatu. Koili ya shaba ikiwekwa ndani ya siku tano huzuia mimba kwa nguvu zaidi kuliko P2. Kumeza P2 kila wiki si njia ya uzazi: ni dhaifu na huvuruga hedhi mpaka hujui siku zako. Wiki tatu zikipita bila damu, pima mimba.

Kubakwa ni kubakwa, hata kama mlikubaliana bei. Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara, ina kituo cha waliotendewa dhuluma za kijinsia. Simu ya taifa ya dhuluma ni 1195, bila malipo.

Damu ya kumwona daktari

Nenda ukitokwa damu baada ya tendo, damu katikati ya mwezi bila kuwa kwenye njia ya homoni, damu inayolowesha pedi kila saa, au damu na maumivu upande mmoja baada ya kukosa hedhi. Huenda ni maradhi ya zinaa, mimba iliyotunga nje ya mfuko, au dalili ya saratani ya mlango wa kizazi. Hiyo saratani hutibika ikigunduliwa mapema, kwa hiyo pimwa hata kama huumwi.

Ukifika kliniki

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, pamoja na afya ya uzazi, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Hakikuweka sharti la kazi ya mtu. Si lazima utaje kazi yako, lakini ukisema “nina wanaume zaidi ya mmoja na sitaki hedhi inisumbue”, muuguzi atajua cha kukupendekezea. Akikukaripia, omba mwingine. Na wewe muuguzi unayesoma haya, kumbuka kwamba aliyekaripiwa leo hatarudi kesho. Atarudi kwenye sponji ya godoro.