Maneno ya Kiingereza yaliyotangulia Kiingereza Biryogo

Ukiuliza Kiingereza kiliingia lini Rwanda, wengi watakutajia miaka ya baada ya 1994, waliporejea wakimbizi waliokulia Uganda. Watakukumbusha kuwa mwaka 2008 serikali iliamua kitumike kufundishia shuleni badala ya Kifaransa, na kuwa mwaka 2009 nchi ikaingia Jumuiya ya Madola. Kwa lugha nzima, jibu hilo ni sahihi. Kwa maneno yake, si sahihi hata kidogo. Mnyarwanda alikuwa akiita gari imodoka, shati ishati na koti ikoti tangu enzi za Wabelgiji, watawala ambao lugha ya ofisi zao ilikuwa Kifaransa. Mfaransa hasemi motokaa. Nani basi aliyaleta maneno hayo? Nasema ni Kiswahili, na mtaa wa Biryogo mjini Kigali unastahili kutajwa katika historia ya Kiingereza nchini humo, ingawa siku zote hutajwa katika historia ya Uislamu peke yake.

Richard Kandt, mwakilishi wa Ujerumani, alipoanzisha Kigali mwaka 1907, utawala wake ulizungumza Kiswahili kupitia askari, makarani na wachuuzi waliofuata njia ya zamani ya misafara, ile ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Msikiti wa Nyamirambo, mjini humo humo, ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916 waliwakuta watu hao wamekwisha kukita mizizi, wakawatenga katika makambi yaliyoitwa ya Waswahili, na huko Kigali kambi hiyo ikawa Biryogo. Kinyarwanda chenyewe kikaanza kumwita kila Mwislamu umuswahili, jina ambalo kwa wengine lilibeba pia maana ya mtu mjanja wa mjini asiyeaminika. Ni jina la kuumiza. Hata hivyo, linatueleza waziwazi nani aliyeonekana kuwa mwenye soko, mwenye safari na mwenye bidhaa ngeni. Na bidhaa ngeni haiji bila jina lake.

Ushahidi wa kwanza ni neno la shule. Zanzibar, iliyokuwa chini ya Waingereza tangu 1890, husema skuli mpaka leo. Bara, walikotawala Wajerumani, neno likawa shule, kutokana na lugha yao. Kinyarwanda husema ishuri. Kwa hiyo ishuri ni Kijerumani kilichopita katika Kiswahili, na miaka zaidi ya arobaini ya Wabelgiji haikuweza kuling'oa. Ushahidi wa pili umo ndani ya matamshi. Kinyarwanda hufuata tabia ambayo wanaisimu huiita kanuni ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari aliyeibaini katika Kinyamwezi, lugha ya watu wa Tabora: k au t ikifuatwa na silabi yenye sauti kama t, k au s, ile ya mwanzo hulainika na kuwa g au d. Ndiyo maana kuona ni kubona, lakini kufanya kazi ni gukora. Sasa tazama: kitabu kimekuwa igitabo, msikiti umekuwa umusigiti, na motokaa imekuwa imodoka. Neno la Kiarabu, jengo la Waislamu na chombo cha Waingereza vyote vimepita mlango mmoja na kunyolewa wembe mmoja. Kitabu na msikiti hakuna anayebisha kuwa ni mzigo wa Waswahili. Ni vigumu kuitenga motokaa na wenzake hao. Hata gari lilipita hapo, ila Kinyarwanda kikalipa baiskeli jina la igare, na motokaa ikabaki na nafasi yake.

Yapo mapingamizi, na mawili kati yake ni mazito. La kwanza ni kwamba neno la Kiingereza liliweza kufika ndani ya kinywa cha Mbelgiji. Ni kweli: umuboyi, mtumishi wa nyumbani, ni neno ambalo Wazungu wa Kongo na Rwanda walilitumia katika Kifaransa chao. Lakini hilo ni neno la bwana akimwita mtumishi. Shati na koti ni maneno ya mnunuzi na muuzaji, na yameshika umbo lilelile la Kiswahili. La pili lina nguvu zaidi: Waganda husema mmotoka, na Wanyarwanda wengi walikwenda kulima pamba na kahawa Uganda katika enzi za ukoloni. Nalikubali. Imodoka yawezekana iliingia kwa milango miwili, na sidai kuwa Biryogo ilikuwa na ufunguo pekee. Hata ikoti haikutii kanuni ya Dahl, kwa hiyo kanuni hiyo haitoshi kuwa kalenda. Nikiyaweka maneno haya pamoja, hata hivyo, naona mgawanyo: Kifaransa kiliacha leta kwa maana ya serikali, na ibiro kwa maana ya ofisi. Meza, sahani, sabuni na kalamu zilikuja na Kiswahili. Ipo ipantaro, ya Kifaransa, inayovaliwa na kuharibu unadhifu wa hesabu, lakini haibadilishi picha.

Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Heshima hiyo bado haijafika kwenye vitabu vya shule, ambavyo humfundisha mtoto Kiingereza kana kwamba hajawahi kukigusa, ilhali amevaa ishati na amepanda imodoka. Nawaomba walimu wa Kigali waanzie kwenye maneno hayo. Na wanaofundisha isimu katika vyuo vya nchi hiyo nawaomba waende Biryogo na vinasa sauti, wakae na wazee wa mtaa, wayaandike maneno yao wangali hai.