Sabuni na Wafaransa Wawili

Wasikilizaji wetu, sabuni si kitu kigeni nyumbani, lakini ni wachache waulizao asili yake. Hutoka katika mafuta na majivu. Tangu zamani watu wa Shamu walipika mafuta ya zeituni kwa majivu ya mimea yenye magadi, na sabuni ya mji wa Halab ilisifiwa mbali. Kuipika walijua, lakini kwa nini mafuta, adui wa maji, yageuke kuwa kitu kipatanacho na maji, hilo hawakulijua.

Aliyelifumbua ni Mfaransa, Michel-Eugène Chevreul, aliyeanza kuichungua sabuni mwaka 1811, akatoa kitabu chake mwaka 1823. Alionyesha kwamba mafuta si kitu kimoja, bali ni kama ndoa ya asidi na kitu kitamu kiitwacho gliserini. Yakichemshwa kwa magadi makali, ndoa huvunjika: gliserini huachwa kando, asidi hushikwa na magadi. Muungano huo mpya ndio sabuni, nayo kwa wataalamu ni namna ya chumvi. Katika maji ya visima vilivyochimbwa katika mawe ya chokaa, kama vingi vya pwani yetu, haitoi povu upesi, kwa sababu chokaa huyanyang'anya magadi ile asidi, ukazuka utando mweupe usioosha kitu.

Lakini elimu hiyo isingaliwafaa maskini lau magadi yangalibaki ghali. Hapo hatuna budi kumtaja Nicolas Leblanc, tabibu, ambaye kabla ya Chevreul, mwaka 1791, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake: kufanya magadi kwa chumvi ya kula, asidi ya salfa, mawe ya chokaa na makaa. Mfadhili wake, mkuu wa Orléans, mtu wa ukoo wa kifalme, alikatwa kichwa mwaka 1793 wakati wa Mapinduzi. Kiwanda chao cha Saint-Denis kikatwaliwa, na siri yake ikatangazwa kwa wote. Serikali ya Napoleon ilimrudishia kiwanda, lakini bila fedha za kukiendesha. Mwaka 1806 alijiua. Wengine, Ufaransa na Uingereza, walitajirika kwa njia yake. Nasi twaona alidhulumiwa.

Magadi yalipokuwa tele, kilichotafutwa sasa ni mafuta. Ndipo katika karne ya 19 wafanya biashara wa Marseille walipofika pwani yetu kununua ufuta na mbata, na nazi zilizokaushwa juani Unguja zikavuka bahari kwenda kupikwa sabuni.