Amplifaya na spika za sinema ya nyumbani

Sinema ya nyumbani ni mpangilio wa runinga au projekta, amplifaya ya chaneli nyingi na spika zinazomzunguka mtazamaji, ili kila sauti ya filamu isikike ikitoka upande uliokusudiwa na waliotengeneza filamu hiyo. Picha mtu huichagua kwa macho yake dukani na mara nyingi hupatia. Sauti ndiyo inayowapotezea watu fedha. Mnunuzi huanza na amplifaya, akavutwa na wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, kisha akatafuta spika za kutosha salio lililobaki mfukoni. Utaratibu unaofaa unakwenda kinyume: kitangulie chumba, zifuate spika, na amplifaya ije mwisho ikiwa na nguvu ya kuzitosha spika hizo ndani ya chumba hicho.

Chaneli za filamu

Filamu ya Fantasia ya Walt Disney ilionyeshwa mwaka 1940 kwa mfumo maalumu wa spika nyingi, lakini gharama yake iliuzuia kuenea. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Dolby ilipata njia ya kubana chaneli nne, yaani kushoto, kati, kulia na nyuma, ndani ya mistari miwili ya sauti iliyochapwa pembeni mwa utepe wa filamu. Star Wars ya 1977 ndiyo iliyoufanya mfumo huo ujulikane duniani. Majumbani ulifika mwaka 1982, na toleo la Pro Logic la 1987 likaongeza spika ya kati. Kisha ikaja sauti ya kidijitali: Batman Returns ya 1992 ilitoka kwa Dolby Digital, na mwaka uliofuata Jurassic Park ikatoka kwa DTS, kila chaneli ikisafiri peke yake bila kuchanganywa na nyingine. DVD, zilizoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, ziliziingiza chaneli hizo sebuleni.

Namba 5.1 inahesabu chaneli tano kamili (tatu za mbele, mbili za pembeni) na moja ya besi nzito pekee, isiyopanda zaidi ya mitetemo 120 kwa sekunde, yaani Hz 120. Dolby Atmos, iliyoanza mwaka 2012 na filamu ya Brave na kuingia majumbani mwaka 2014, iliongeza sauti za juu ya kichwa; 5.1.2 maana yake ni spika mbili zaidi darini. Mvua na helikopta hunufaika sana na spika hizo. Hata hivyo, spika tano nzuri na sabufa moja, yaani spika ya besi nzito, hushinda spika tisa dhaifu katika kila filamu, na mwenye bajeti ndogo anaweza kuanza na tatu za mbele pamoja na sabufa, za pembeni akaziongeza baadaye bila kupoteza kitu.

Chumba

Chini ya Hz 200 hivi, chumba huiamua sauti kuliko spika. Mawimbi ya besi ni marefu kiasi kwamba hugonga ukuta, yakarudi na kukutana na yale yanayokuja. Mahali fulani besi huvimba, na hatua chache pembeni hutoweka. Mvumo wa kwanza wa kila upande hupatikana kwa kugawa kasi ya sauti, takribani mita 343 kwa sekunde, kwa urefu wa upande huo mara mbili. Chumba cha mita 5 kitavuma kwenye Hz 34, cha mita 4 kwenye Hz 43. Chumba cha mraba ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu mvumo wa urefu na wa upana huangukia masafa yaleyale.

Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar ni mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu. Upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikandaa zilizobeba dari, kwa hiyo ni nadra kuvuka mita 3, huku urefu wa chumba ukiweza kuwa mara mbili au zaidi ya hapo. Chumba chenye upana wa mita 2.8 huvuma kwenye Hz 61, penye ngoma na milipuko ya filamu, na kuta nene za mawe ya matumbawe haziiachi besi hiyo itoke nje. Sabufa mbili ndogo zikiwekwa zikikabiliana, kila moja katikati ya ukuta wake mrefu, huutuliza mvumo huo wa upana kwa namna ambayo sabufa moja kubwa haiwezi.

Nyumba za kisasa za matofali ya saruji, vigae sakafuni na madirisha mapana zina tatizo la aina nyingine: mwangwi unaofunika maneno. Mtu hulalamika kwamba waigizaji wananong'ona ilhali milipuko inatikisa nyumba, akadhani amplifaya ni mbovu. Zulia nene kati ya kochi na spika, mapazia mazito, makochi ya kitambaa na kabati la vitabu kwenye ukuta wa nyuma hufanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Trei za mayai ukutani hazisaidii; hunyonya sehemu ndogo tu ya sauti nyembamba na besi huzipita kama hazipo.

Spika

Spika nyingi za leo zinafuata kanuni iliyoelezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric mwaka 1925: koili iliyo ndani ya sumaku husukuma koni, na koni husukuma hewa. Ubora unaamuliwa na kasha, koni na namna sauti inavyogawanywa kati ya wufa, ya sauti nzito, na twita, ya sauti nyembamba. Mtafiti Floyd Toole, aliyefanya kazi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada kabla ya kuhamia Harman, alionyesha kwa miaka mingi ya majaribio kwamba wasikilizaji wasiooneshwa spika wanayoisikiliza hukubaliana kwa kiwango kikubwa: huchagua ile isiyotia chumvi masafa yoyote mbele yake, na ambayo sauti yake ya ubavuni hupungua taratibu bila kuyumba. Spika zinazovutia dukani mara nyingi ni zile zilizokuzwa besi na sauti kali, nazo huchosha masikio kabla filamu haijafika katikati.

Spika ya kati ndiyo ya kupewa fedha nyingi kuliko zote. Karibu mazungumzo yote ya filamu hupita humo, nayo ndiyo inayonunuliwa kwa kusitasita. Nyingi zimelazwa ili zikae chini ya runinga, wufa mbili ubavuni na twita katikati. Umbo hilo lina kasoro ya kimaumbile: kwa aliyekaa pembeni, sauti za wufa mbili humfikia kwa nyakati tofauti, na sehemu ya masafa ya maneno hufutana. Aliye katikati ya kochi husikia vizuri huku jirani yake akiuliza kilichosemwa. Zile zenye kipaza cha sauti za kati kilichowekwa chini ya twita hupunguza kasoro hiyo, na spika ndogo ya kawaida iliyosimamishwa wima, ikiwa nafasi ipo, ni bora kuliko nyingi zilizolazwa. Spika tatu za mbele ziwe za familia moja ya mtengenezaji mmoja, la sivyo gari linalopita kutoka kushoto kwenda kulia litabadili mlio likifika katikati.

Sabufa inapokuwepo, spika ndefu za kusimama sakafuni si lazima. Amplifaya inaweza kuagizwa ipeleke kila kitu cha chini ya Hz 80 kwenye sabufa, kiwango kilichozoeleka tangu enzi za viwango vya THX, na hivyo spika ndogo hupumzishwa kazi iliyo ngumu kuliko zote. Kupata mahali pa sabufa kuna njia ya zamani isiyoshindwa: iweke sabufa kwenye kochi mahali pa kukaa, piga muziki wenye besi inayopanda na kushuka, kisha tambaa kando ya kuta ukisikiliza. Mahali ambapo noti zote zinasikika kwa nguvu sawa ndipo pa kuiweka.

Katika Kariakoo, Dar es Salaam, na barabara ya Luthuli jijini Nairobi, bidhaa inayouzwa kwa jina la sabufa ni seti nzima, boksi la besi lenye amplifaya ndani pamoja na spika mbili au tano. Kwa muziki na taarifa ya habari seti hizo zinatosha nyumba nyingi. Anayetaka sinema aangalie nyuma kabla ya kulipa. Seti yenye spika tano lakini matundu mawili tu ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe, hupokea chaneli mbili. Spika za pembeni hurudia kilichopo mbele. Ili chaneli sita zifike, lazima pawe na tundu la HDMI, la nyuzi za mwanga, au matundu sita yanayotoka kwenye deki yenye uwezo wa kuzitenganisha.

Amplifaya

Amplifaya ya sinema, ambayo wauzaji huiita risiva, hufanya kazi tatu: kuzifungua chaneli zilizobanwa, kurekebisha sauti kulingana na chumba, na kutoa nguvu. Nguvu ndiyo inayotangazwa kwa hila nyingi. Namba za maelfu zinazoandikwa PMPO hazifuati kipimo chochote kinachokubalika na zapaswa kupuuzwa. Marekani iliweka kanuni mwaka 1974 kuwataka watengenezaji wataje wati za mfululizo, omu zilizotumika kupima na kiwango cha upotoshaji. Hata hivyo, wati 100 za risiva kwa kawaida hupimwa chaneli mbili tu zikifanya kazi, na zote zikipigwa pamoja kiwango hushuka. Kibandiko cha nyuma kinasaidia: kifaa kinachovuta wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kuzipa spika wati 1,000 mfululizo.

Wati zinazohitajika hutegemea wepesi wa spika, yaani desibeli inazotoa kwa wati 1 kutoka umbali wa mita 1. Chukua spika ya desibeli 88. Kwenye kochi lililo mita 3 kutoka hapo, bila kuhesabu mchango wa chumba, hubaki desibeli 78.5. Kumbi za sinema hupangwa ili vilele vya sauti vya kila chaneli kuu vifike desibeli 105, lakini nyumbani wengi huridhika na vilele vya 95 au chini ya hapo. Kufika 95 kwa spika hiyo kunataka wati 45 hivi. Spika ya desibeli 85 itataka 90, na ya 91 itaridhika na 22 au 23, kwa kuwa kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili. Kwa hiyo anayelipa zaidi kutoka amplifaya ya wati 80 kwenda ya 100 ananunua desibeli 1, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida, wakati fedha hizohizo kwenye spika zingebadilisha kila filamu. Ukinzani nao uzingatiwe. Spika za omu 4 huvuta mkondo mara mbili ya za omu 8, na risiva nyingi za bei nafuu hupata moto au kujizima zikilazimishwa. Kuunganisha spika mbili za omu 8 sambamba kwenye tundu moja ni kuitwisha chaneli hiyo omu 4.

Upande wa matundu, runinga na risiva zikiwa na HDMI ya eARC, njia inayorudisha sauti kutoka runinga hadi risiva, sauti yote hupita kwa waya mmoja. ARC ya zamani inatosha kwa filamu za mtandaoni, hata zenye Atmos, ila haibebi sauti isiyopunguzwa ya diski za Blu-ray. Hapo deki iunganishwe moja kwa moja na risiva. Mfumo wa kupima chumba kwa maikrofoni, kama Audyssey wa Denon na Marantz, YPAO wa Yamaha au Dirac Live, una thamani kuliko wati za ziada, mradi maikrofoni iwekwe kwenye stendi usawa wa masikio, isiwe mkononi.

Kuweka na kuunganisha

Spika za kushoto na kulia zikae nyuzi 22 hadi 30 kutoka mstari wa katikati, twita zikikaribia usawa wa masikio ya aliyeketi. Za pembeni ziwe kati ya nyuzi 90 na 110, juu kidogo ya masikio. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa mita 10 na spika za omu 8. Waya wa alumini uliopakwa shaba, unaouzwa sana kwa sababu ni rahisi, uongezwe unene. Nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi kwenye kila spika. Moja ikigeuzwa, koni zake hurudi nyuma wakati za mwenzake zinakwenda mbele, na besi hupotea bila kifaa chochote kuharibika.

Anayesafirisha risiva kutoka ng'ambo asome volti kabla ya kufunga mzigo. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240, yote kwa Hz 50. Risiva ya Marekani imeundwa kwa volti 120 na ya Japani kwa 100; ikichomekwa moja kwa moja hapa, sehemu yake ya umeme huungua papo hapo. Transfoma ya kushusha volti huiokoa, ikiwa uwezo wake unazidi kwa kiasi kizuri wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kifaa cha kuchelewesha umeme unaporudi baada ya kukatika kinafaa kwa zote, hata zilizonunuliwa nchini, na juu ya risiva paachwe wazi angalau sentimita 10 ili joto litoke.